Mzazi anayekataa kuku ana hoja. Mwanafunzi na ajibu kwa hesabu

Kila shule zinapofungwa, wanafunzi hurejea nyumbani na maombi chungu nzima. Mengi ya maombi hayo ni ya kawaida, na wazazi wamekwisha kuyazoea. Lipo moja, hata hivyo, ambalo huzusha ubishi katika nyumba nyingi za mijini na mashambani ingawa halitajwi sana magazetini. Mtoto, baada ya kufunzwa habari za ufugaji darasani, huomba ruhusa ya kufuga kuku watatu au wanne nyuma ya nyumba. Mzazi hukataa katakata. Mtoto hununa, mzazi hukaza uzi, na baada ya siku mbili tatu neno hilo huzikwa pasiwe na aliyemsikiliza mwenzake.

Kwa maoni yetu, ubishi unaokwisha namna hiyo ni hasara kwa wote wawili. Mtoto hukosa nafasi ya kujifunza kwa vitendo kazi ambayo shule inamtaka aijue. Mzazi naye hukosa nafasi ya kumpima mwanawe kwa jukumu dogo kabla ya kumkabidhi kubwa. Nia yetu leo si kumlaumu mzazi, wala kumchochea mtoto amkaidi mlezi wake. Nia yetu ni kuonyesha kwamba mzazi anayekataa aghalabu ana sababu, kwamba sababu hizo zina majibu, na kwamba ni wajibu wa mwanafunzi kuyatafuta majibu hayo kabla ya kufungua kinywa.

Na tuanze na mzazi. Yafaa ikumbukwe kwamba wazazi wengi si wageni wa kuku. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa nchi hii ilikuwa na kuku wa kienyeji zaidi ya milioni 30, na sehemu kubwa yao hufugwa katika maboma ya kawaida, kumi hapa, watano pale. Mzazi huyu huenda alikulia katika boma kama hilo. Aliwaona vifaranga wakinyakuliwa na mwewe mchana, na kuku wazima wakimalizwa na kicheche usiku. Tena, na hili ndilo zito zaidi, huenda aliamka asubuhi moja akawakuta kuku wa mama yake wameinamisha vichwa, na kabla ya juma kwisha banda zima likawa tupu. Fedha zilizotarajiwa kununulia sare ya shule zikafukiwa shimoni pamoja na mizoga. Mtu aliyeyashuhudia hayo utotoni hawezi kulaumiwa akiona kwamba kuku ni mali isiyoaminika. Wahenga wenyewe waliusema uchungu huo: kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea hunyakuliwa na mwewe.

Methali hiyo ina utamu wa lugha, lakini si sheria ya maumbile. Kuku wa maskini hafi kwa sababu bwana wake ni maskini. Mara nyingi huuawa na kideri, ugonjwa ambao maafisa wa mifugo huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa katika miaka ya 1920. Kideri huletwa na virusi, nacho hakina dawa ya kukiponya. Kuku aliyeambukizwa huacha kula, huhema kwa taabu, huhara kinyesi cha rangi ya kijani, na pengine hupinda shingo. Katika kundi lisilochanjwa, ugonjwa huu waweza kuwaua karibu kuku wote kwa siku chache. Hata hivyo, kideri kina chanjo. Chanjo hiyo hupatikana katika maduka ya dawa za mifugo, na aghalabu hutiwa tone katika jicho la kuku au huchanganywa na maji ya kunywa. Kwa kuku wa kienyeji, ushauri wa kawaida ni kuirudia kila baada ya miezi mitatu hivi.

Basi kwa nini watu wengi hawachanji? Sababu moja ni kutojua. Nyingine ni kwamba chanjo nyingi huhitaji kuhifadhiwa kwenye baridi, na chupa moja huwa na kipimo cha kuku wengi kuliko wale wa boma moja. Mwenye kuku wanne haoni maana ya kununua chupa inayotosha mia. Hapa ndipo mwanafunzi mwenye bidii anapoweza kumshangaza mzazi wake. Na awazungukie majirani sita au saba wenye kuku, wachange, wakubaliane asubuhi moja, chupa iletwe ikiwa ndani ya chombo chenye barafu, na kuku wa kijiji kizima wachanjwe kabla ya saa nne. Mtoto aliyeweza kulitenda hilo hata kabla ya kupewa ruhusa ya kufuga hana haja ya maneno mengi. Isitoshe, atakuwa amezipunguzia hatari kuku za mama yake mdogo na za jirani, jambo ambalo hata mzazi mgumu hatalipuuza.

Kadhalika, wahenga hao hao walituachia kinga nyingine bila ya kuiita kinga. Walisema kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mfugaji mwangalifu huifuata methali hii neno kwa neno: kuku aliyenunuliwa sokoni hatiwi bandani siku hiyo hiyo, bali hutengwa kwa muda wa majuma mawili hivi, akitazamwa kama ana maradhi.

Mzazi anayetaja homa ya ndege naye hasemi upuuzi. Hofu ya maradhi hayo iliwatia wafugaji wa Kenya hasara mnamo mwaka wa 2006, na mwaka wa 2017, Uganda ilipothibitisha kuwa na homa hiyo, Kenya ilipiga marufuku kuingizwa kwa kuku kutoka huko. Jibu lake si kumcheka mzazi. Jibu ni kumwahidi kwamba hakuna mzoga utakaoshikwa kwa mikono mitupu, kwamba kuku mgonjwa hataliwa wala kuuzwa, kwamba afisa wa mifugo ataarifiwa iwapo kuku watakufa kwa ghafula, na kwamba kila atokaye bandani ataosha mikono kwa sabuni. Ahadi hii ya mwisho ni ya kila siku, kwani hata kuku anayeonekana mzima huweza kuwa na vijidudu vinavyoharisha, na watoto wadogo ndio huathirika zaidi.

Pingamizi la pili huwa ni uvundo na utitiri. Mama hataki harufu ya banda iingie jikoni, wala hataki kujikuna usiku. Hoja yake ni ya haki. Lakini mwanafunzi aliyesoma vyema somo lake atajua kwamba kinyesi cha kuku hunuka zaidi kikiwa na umajimaji. Banda ambalo paa lake halivuji, lenye sakafu iliyoinuka, na lililotandazwa maranda makavu ya mbao kwa kina cha sentimita 5 hadi 10, halitoi harufu ya kumfukuza mtu. Maranda hayo hupinduliwa mara kwa mara, na yale yaliyolowa karibu na chombo cha maji huondolewa siku hiyo hiyo. Yakichakaa hurundikwa pembeni yaoze kwa miezi kadhaa, kisha huwa samadi nzuri ya sukuma wiki. Yasitiwe shambani yakiwa mabichi, maana yataunguza mimea. Ama kuhusu utitiri, huo hujificha katika nyufa za mbao na katika viota. Nyufa zikizibwa, nyasi za viota zikibadilishwa, na kuku wakipewa mahali pakavu penye majivu na udongo pa kujigaragaza, utitiri hukosa makao.

La tatu ni kelele. Wazazi wengi wanapolisikia neno kuku, husikia jogoo akiwika saa kumi za alfajiri chini ya dirisha la jirani mwenye hasira. Ajabu ni kwamba wengi, hata miongoni mwa waliosoma, huamini kuwa kuku hawezi kutaga bila ya jogoo. Hilo si kweli. Tembe hutaga akiwa na jogoo au asiwe naye. Jogoo huhitajika tu mfugaji anapotaka mayai ya kuanguliwa, ambayo huchukua siku 21 chini ya kuku anayeatamia. Mtoto anayetaka mayai ya kula na kuuza hana haja ya jogoo hata mmoja. Kweli, tembe naye hutetea anapokwisha kutaga, lakini hufanya hivyo mchana na kwa muda mfupi. Hoja hii peke yake imetosha kuyeyusha nusu ya ukaidi wa mzazi wa mjini.

Mjini kuna jambo jingine pia, nalo ni sheria na mwenye nyumba. Kaunti ya Nairobi ilipitisha mwaka wa 2015 sheria ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini. Kwa hivyo si kweli kwamba mifugo haina mahali kabisa jijini, bali ina masharti yake. Mwanafunzi na aulize katika ofisi za kilimo za kaunti yake, iwe Nairobi, Mombasa au Kisumu, ajue kinachoruhusiwa. Lakini ikiwa familia ni ya wapangaji, na mwenye nyumba amekataza mifugo, basi mjadala umekwisha. Vivyo hivyo kwa wale wanaoishi ghorofani. Mtoto mwenye hekima hamtii mzazi wake katika ugomvi na mwenye nyumba kwa ajili ya mayai. Atasubiri, au ataomba kuwaweka kuku wake kwa nyanya yake mashambani.

Hoja ya nne, ambayo wazazi huisema kwa ukali zaidi, ni gharama. Hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka, kwa kuwa hujibu kwa matumaini badala ya tarakimu. Na tufanye hesabu pamoja. Kuku mmoja anayetaga hula takriban gramu 120 za chakula kwa siku. Kuku wanne, basi, watakula gramu 480, yaani chini kidogo ya nusu kilo. Kwa siku 30 watakula kilo 14 na gramu 400. Gunia la kilo 70 litawatosha kwa siku 145 hivi, karibu miezi mitano, ingawa ni heri kununua kidogo kidogo kuliko kukiacha chakula kikaota ukungu. Bei hatuitaji, kwa sababu hupanda na kushuka. Mwanafunzi na aende mwenyewe dukani, aiulize, aiandike daftarini. Kisha aandike mapato. Kuku wa kienyeji anayejitafutia chakula tu hutaga kati ya mayai 40 na 60 kwa mwaka. Yule wa mbegu iliyoboreshwa, kama zile zilizotolewa na taasisi ya utafiti wa kilimo ya KALRO, hutaga mara kadhaa ya hayo akitunzwa. Tukikisia kwa uangalifu kwamba kila mmoja atataga mayai manne kwa juma, hao wanne watatoa mayai 16. Familia ya watu watano itakula mawili kila mtu, na sita yatabaki ya kuuza.

Hesabu hiyo haina budi kuwa ya kweli. Mwanafunzi asisahau kuandika bei ya mbao, misumari, wavu wa kumzuia kicheche, na kufuli ya kumzuia mwizi. Asisahau kwamba mtetea anayenunuliwa akiwa na miezi mitatu atakula miezi mingine miwili au mitatu kabla ya kutaga yai la kwanza. Asisahau pia kwamba kuku hupumzika kutaga anapobadilisha manyoya. Ikiwa baada ya yote hayo hesabu inaonyesha hasara katika mwaka wa kwanza, na aseme hivyo bila kuficha. Mzazi aliyezeeka na shida za maisha huitambua hesabu iliyopambwa kwa kuitupia jicho mara moja, na akishaitambua hataisoma nyingine.

Tumefika sasa kwenye pingamizi gumu kuliko yote: masomo. Mzazi husema, "Shule zikifunguliwa, hao kuku wako nitabaki nao mimi." Na mara nyingi husema kweli. Nchini mwetu wanafunzi wengi wa sekondari husoma katika shule za bweni, na muhula huchukua miezi karibu mitatu. Kuku hali kwa muhula. Anahitaji maji safi kila asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mwanafunzi wa bweni asiyekuwa na ndugu aliyekubali kwa hiari yake kuwatunza kuku hao hana haki ya kuwanunua, kwa sababu atakuwa amemtwika mama yake kazi juu ya kazi. Kwake yeye njia ni mbili: kungoja hadi amalize shule, au kuingia ubia na mdogo wake anayesoma shule ya kutwa na kumgawia sehemu ya mapato. Mwanafunzi wa kutwa naye na aonyeshe ratiba: dakika 20 asubuhi kabla ya kwenda shule, 20 jioni, na saa moja Jumamosi ya kusafisha. Wala asitoe ratiba hiyo kwa maneno tu. Kwa mwezi mzima kabla ya kuomba, na aamke katika saa hiyo hiyo aliyoiandika, afanye kazi nyingine yoyote ya nyumbani bila ya kuitwa. Mzazi ataona. Wazazi huona mengi wasiyoyasema.

Namna ya kuomba nayo ina adabu zake. Neno kubwa haliletwi mlangoni wakati baba amerudi kazini akiwa hoi, wala katika majuma yale ya karo yanapokosesha watu usingizi. "Baba, naomba unipe nafasi Jumamosi jioni, nina jambo nataka kukueleza wewe na mama," ni sentensi fupi yenye heshima, na inampa mzazi muda wa kujiandaa kusikiliza. Siku hiyo ikifika, mtoto na aanze kwa kuyataja mwenyewe yale anayojua mzazi atayapinga. Hakuna kinachomlainisha mpinzani kama kuisikia hoja yake ikisemwa vyema na mtu mwingine. Mwisho, aombe kidogo. Aombe kuku watatu au wanne, banda la mita mbili kwa moja, kwa muda wa miezi sita, na akubali kwamba ahadi zikivunjwa kuku watauzwa.

Hadi hapa tumemwandama mwanafunzi. Lakini ruhusa ni mkataba, na mkataba una pande mbili. Twawaomba wazazi watuvumilie kwa hili tunalotaka kusema. Katika nyumba nyingi mtoto hupewa kuku kwa maneno, kisha mgeni wa heshima akifika, kuku aliyekuwa wake asubuhi huwa kitoweo cha jioni. Kuna sehemu za nchi yetu, hasa huko Magharibi, ambako mgeni asiyechinjiwa kuku huona hakukaribishwa. Mila hiyo ni njema, nasi hatuipingi. Tunachopinga ni kumchinja tembe wa mtoto pasipo kumuuliza wala kumlipa, kisha kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kazi. Mtoto aliyechinjiwa kuku wake hivyo hujifunza somo moja tu, nalo ni kwamba jasho la mdogo ni mali ya mkubwa. Vivyo hivyo kwa fedha za mayai. Kama familia ina dhiki, na mzazi azikope waziwazi, zikaandikwa katika daftari lile lile. Mzazi anayeuheshimu mkataba mdogo wa mayai humfunza mwanawe uaminifu kuliko mahubiri ya mwaka mzima.

Walimu nao wana sehemu yao. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unasisitiza vitendo, na vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilivyokuwa vimefifia kwa miaka mingi, vilizinduliwa upya na serikali mwaka wa 2021. Lakini tusijidanganye. Mradi wa shule ambao mzazi huletewa habari zake usiku wa Jumapili, akiambiwa anunue vitu vya kesho, humfanya achukie vitendo na mtaala wenyewe. Mwalimu wa kilimo angefanya vyema kuwaalika wazazi waione hesabu ya kuku kabla ya watoto kwenda kuomba. Mwalimu wa Kiswahili naye angeweza kuligeuza jambo hili kuwa zoezi la mjadala au insha, na kuwataka wanafunzi waandike hoja za mzazi kwanza, kwa nguvu zote, kabla ya kuandika zao. Mwanafunzi akijua tofauti ya tembe na mtetea, ya jogoo na pora, na akajua pia jinsi ya kumshawishi mtu mzima bila kumvunjia heshima, atakuwa amepata faida mbili kwa kazi moja.

Hatusemi kila nyumba ifuge kuku. Zipo nyumba zisizo na nafasi, zipo zenye mgonjwa asiyeweza kuvumilia vumbi la manyoya, na wapo wazazi ambao, baada ya kusikiliza yote, bado watasema hapana. Hapana iliyotanguliwa na kusikilizwa si sawa na hapana ya kutupiwa mlangoni, na mtoto mwenye adabu ataipokea. Lakini kwa mzazi mwenye ua mdogo mkavu nyuma ya nyumba, na mwenye mtoto aliyekuja na daftari, ratiba, na majirani waliokwisha kukubali kuchanja kuku wao, twadiriki kusema kwamba kukataa bila ya kulifungua daftari hilo si busara. Na ampe miezi sita. Daftari lenyewe litasema kama alifanya vyema au la.